Hisabati ya kukadiria soko la teknolojia mpya pale takwimu zinapokuwa haba

MWAKA wa 1980, kampuni ya simu ya AT&T nchini Marekani iliwauliza wataalamu wa kampuni ya ushauri ya McKinsey swali moja: kufikia mwaka wa 2000, ni Wamarekani wangapi watakaokuwa wakitumia simu za mkononi? Jibu walilopewa ni watu 900,000. Mwaka huo ulipowadia, idadi halisi ilikuwa imepita milioni 100.

Kosa hilo halikubakia kwenye makaratasi. AT&T iliamini kuwa soko lenyewe ni dogo, kwa hivyo haikuona haja ya kuling'ang'ania. Mwaka wa 1994 ililazimika kutoa zaidi ya dola bilioni 11 kuinunua kampuni ya McCaw Cellular, ili ipate nafasi katika biashara ile ile iliyokuwa imeipuuza.

Kuna kosa la aina ya pili, nalo ni la kutarajia mengi kupita kiasi. Mnamo Novemba 1998, kampuni ya Iridium, iliyoanzishwa na Motorola, ilizindua huduma ya simu za setilaiti. Ilikuwa imetumia takriban dola bilioni 5 na kurusha angani setilaiti 66, ikiamini kwamba wafanyabiashara wa dunia nzima wangeitaka simu inayofanya kazi jangwani na baharini. Wateja waliojitokeza hawakufika laki moja. Kabla ya mwaka kuisha, mnamo Agosti 1999, kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Mali yake iliuzwa baadaye kwa takriban dola milioni 25.

Makosa haya mawili yalitendwa na watu waliosoma, waliokuwa na kompyuta na fedha za kutosha za utafiti. Walichokosa ni takwimu. Hilo ndilo tatizo kuu la uchumi wa teknolojia ya juu: uamuzi mkubwa hufanywa mwanzoni, na mwanzoni ndipo habari huwa chache zaidi.

Makala haya yanaeleza jinsi hisabati inavyotumiwa kukabiliana na uhaba huo, mahali inapofaulu, mahali inapopotoka, na kwa nini jambo hili linamhusu hata mwananchi asiyemiliki hisa yoyote.

KWA NINI HABARI HUWA CHACHE

Anayetaka kukadiria mahitaji ya unga wa mahindi mwaka ujao ana kazi nyepesi. Anazo takwimu za miaka mingi, anajua idadi ya watu, anajua bei, na anajua kuwa Mkenya hataacha ghafla kula ugali. Wakadiriaji wa aina hii hutazama yaliyopita na kuyaendeleza mbele.

Bidhaa ya teknolojia mpya haina yaliyopita. Hakuna aliyeinunua jana. Ukiwauliza watu kama wataihitaji, watakujibu kuhusu kitu wasichowahi kukishika. Kampuni zilizoigundua huficha hesabu zao kwa kuwaogopa washindani. Juu ya hayo, bei yenyewe hubadilika upesi, kiasi kwamba takwimu ya mwaka juzi huwa imechakaa kabla haijatumiwa.

Hapo ndipo modeli ya hisabati inapoingia. Modeli ni maelezo mafupi, kwa lugha ya namba, ya jinsi tunavyodhani jambo linavyotendeka. Takwimu zikiwa nyingi, modeli huweza kuwa hafifu na bado tukafika salama, maana takwimu zenyewe zitatusahihisha. Takwimu zikiwa tatu au nne tu, karibu kila kitu hutegemea kama modeli imeuelewa mwendo wa jambo lenyewe.

HABARI CHACHE ZINAPOTOSHA

Mfano unaopendwa na walimu wa takwimu unatoka katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mataifa yaliyopigana na Ujerumani yalitaka kujua viwanda vya adui vilikuwa vikitengeneza vifaru vingapi kwa mwezi. Majasusi walikadiria kuwa mnamo Juni 1940 vilitengenezwa vifaru 1,000.

Wanauchumi waliokuwa kwenye ubalozi wa Marekani mjini London walitumia njia tofauti. Vifaru vilivyotekwa vilikuwa na nambari za utengenezaji zilizopigwa kwenye vipuri vyake, na nambari hizo zilifuatana. Wao walizikusanya nambari chache walizozipata, wakapiga hesabu, wakasema: vifaru 169. Vita vilipokwisha na daftari za Wajerumani kupatikana, idadi halisi ya mwezi huo ilionekana kuwa 122. Kwa Juni 1941 hesabu ilitoa 244, majasusi 1,550, na daftari 271. Kwa Agosti 1942 hesabu ilitoa 327, majasusi 1,550, na daftari 342.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Tuseme umeona simu tano za aina moja, nambari zake zimeanza na 1 na kufuatana, na nambari kubwa kati ya hizo tano ni 240. Bila shaka zilizotengenezwa si chini ya 240. Lakini si rahisi kwamba kwa bahati umeiona ile ya mwisho kabisa. Basi chukua 240, ongeza 240 uliyoigawa kwa tano, yaani 48, kisha utoe moja. Unapata 287. Hilo ndilo kadirio lako.

Nambari tano zimetosha kwa sababu tunajua kwa hakika jinsi zinavyozaliwa: kiwanda huanza na moja na kuendelea kuhesabu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika hisabati hiyo ni kweli, mradi kibaba chenyewe hakibadiliki ukubwa wakati unakijaza.

WATANGULIZI NA WAFUASI

Je, tunajua pia jinsi wateja wa teknolojia mpya wanavyozaliwa? Mwaka wa 1969, mtaalamu wa masoko Frank Bass, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, alichapisha jibu ambalo linatumiwa hadi leo.

Bass aliwagawa wanunuzi katika makundi mawili. Watangulizi hununua kwa hiari yao, bila kungoja mtu. Wafuasi hununua kwa kuwa wamewaona wengine wakitumia. Mwanzoni wafuasi hawana wa kumfuata, hivyo mauzo ni madogo. Idadi ya wenye bidhaa inapokua, mvuto huongezeka na mauzo hupaa. Hatimaye wasiokuwa nayo wanabaki wachache, na mauzo mapya hushuka. Ukichora jumla ya wanunuzi mwaka baada ya mwaka, unapata mchoro unaofanana na herufi S.

Modeli inahitaji namba tatu tu: nguvu ya utangulizi, nguvu ya ufuasi, na idadi ya juu kabisa ya watu wanaoweza kununua, ambayo tutaiita dari.

Tuchukue mji wenye familia 1,000 zinazoweza kununua kifaa fulani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1990, uliolinganisha matumizi 213 ya modeli hizi, uliona kwamba kwa wastani nguvu ya utangulizi huwa 0.03 na ya ufuasi 0.38. Mwaka wa kwanza hununua watangulizi peke yao: familia 30. Mwaka wa pili, kila familia iliyobaki ina msukumo wa 0.03, pamoja na 0.38 mara sehemu ya mji iliyokwisha kununua, ambayo ni 0.03. Jumla ni takriban 0.041, ukiizidisha kwa familia 970 zilizobaki, unapata wanunuzi wapya 40. Endelea hivyo hivyo. Mwaka wa tano wanakuwa 83. Mwaka wa nane wanafika 110, na hicho ndicho kilele. Mwaka wa kumi wameshuka hadi 90.

Bass aliijaribu hesabu yake kwenye televisheni za rangi, ambazo katika miaka ya sitini zilikuwa ndizo teknolojia ya juu. Kwa takwimu za miaka michache tu, alikadiria kuwa mauzo nchini Marekani yangefika kilele mwaka wa 1968, yakiwa milioni 6.7. Wenye viwanda, ambao walikuwa wakitazama mstari unaopanda na kudhani utapanda daima, walikuwa wamejitayarisha kutengeneza zaidi. Kilele kilikuja mwaka huo wa 1968, na viwanda vikabaki na uwezo usio na kazi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

MTIHANI WA SIMU ZA KENYA

Sasa tuilete modeli hiyo nyumbani tuione ikitahiniwa. Kulingana na takwimu za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu (ITU), mwishoni mwa 1999 Kenya ilikuwa na laini za simu za mkononi takriban 24,000. Mwaka wa 2000 zilikuwa 127,000. Mwaka wa 2001, 600,000. Mwaka wa 2002, milioni 1.19; na mwaka wa 2003, milioni 1.59.

Jiweke katika nafasi ya mwanauchumi aliyezipokea takwimu hizi mwanzoni mwa 2004. Unatoa kila mwaka kutoka kwa mwenzake ili upate laini mpya. Mwaka wa 2000 ziliongezeka takriban 104,000. Mwaka wa 2001, 473,000. Mwaka wa 2002, 587,000. Na mwaka wa 2003, 404,000. Unaona nini? Mauzo yalipanda, yakafika kilele mwaka wa 2002, kisha yakaanza kushuka. Ni sura ile ile ya televisheni za rangi.

Modeli ya Bass ina namba tatu zisizojulikana, kwa hivyo miaka mitatu ya mwisho inatosha kuzitafuta. Ukiifanya hesabu hiyo, dari ya soko la Kenya inatokea kuwa laini milioni 1.7 hivi. Kwa maneno mengine, modeli inakuambia kwamba kazi imekwisha: waliotaka simu wamekwisha kuzipata, na ye yote atakayejenga minara mipya atapoteza fedha zake.

Ukweli ulikuwa mwingine kabisa. Mwaka wa 2004 laini zilifika milioni 2.5. Mwaka wa 2005 zilikuwa milioni 4.6, mwaka wa 2007 milioni 11.3, na mwaka wa 2010 zilikaribia milioni 25.

Hesabu haikukosewa hata mahali pamoja. Modeli ililingana barabara na takwimu zilizotumika. Hata hivyo, matokeo yake yalikuwa pungufu mara kumi na tano kufikia 2010. Hapa pana funzo ambalo wengi hulisahau: modeli kulingana na takwimu chache si ushahidi kwamba ni ya kweli. Nukta tatu zinaweza kupitiwa na mikunjo mingi, na kila mkunjo una mwisho wake.

DARI INAYOPAA

Kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika ile namba ya tatu. Mji wetu wa mfano ulikuwa na familia 1,000 tangu mwanzo hadi mwisho. Soko la simu la Kenya halikuwa hivyo. Katika miaka ya tisini simu ya mkononi ilikuwa ya matajiri na wakubwa serikalini. Baadaye zikaja laini za kulipia kabla, kadi za kukwaruza za fedha kidogo, na malipo yanayohesabiwa kwa sekunde. Minara ikafika mashinani. Mwaka wa 2005 muungano wa kampuni za simu duniani, GSMA, uliiteua Motorola itengeneze simu za nchi maskini zenye bei isiyofika dola 40. Kila hatua ya namna hiyo iliwaingiza sokoni watu ambao jana hawakuhesabiwa. Aidha, ikumbukwe kuwa laini si mtu: Mkenya mwenye laini mbili alihesabiwa mara mbili.

Ndiyo kusema, dari ya soko hutegemea bei. Na bei ya teknolojia, tofauti na bei ya shamba au ya mafuta, ina tabia inayoweza kuandikwa kwa hisabati.

Mwaka wa 1936 mhandisi wa ndege Theodore Wright alieleza kwamba kila mara jumla ya ndege zilizokwisha kutengenezwa ilipoongezeka maradufu, kazi iliyohitajika kwa ndege moja ilipungua kwa takriban asilimia 20. Kifaa kinachogharimu shilingi 100 leo kitagharimu shilingi 80 jumla ya vilivyotengenezwa ikiongezeka maradufu, shilingi 64 ikiongezeka tena, kisha 51, kisha 41. Kinachopunguza gharama ni uzoefu wa kutengeneza, wala si kupita kwa miaka.

Kanuni hiyo imeonekana wazi katika vipande vya kunasa umeme wa jua. Kwa thamani ya dola za 2019, uwezo wa wati moja uligharimu takriban dola 106 mwaka wa 1976. Mwaka wa 2019 uligharimu chini ya senti 40. Katika muda huo wote, kila jumla ilipoongezeka maradufu, bei ilishuka kwa takriban asilimia 20.

Ukiziunganisha kanuni za Wright na Bass, unapata mzunguko. Wanunuzi wa kwanza huwezesha utengenezaji, utengenezaji hushusha bei, bei hupandisha dari, na dari mpya huleta wanunuzi wapya. Wataalamu wa 1980 waliziona simu zilizokuwapo, nzito na ghali, wakauliza ni wangapi watakaozinunua. Walipaswa pia kuuliza zitakuwa zinauzwa kwa bei gani baada ya mamilioni ya kwanza.

Iridium nayo iliangushwa na mzunguko huo huo, ila kwa upande wa pili. Ilipoanza kupangwa, mwishoni mwa miaka ya themanini, simu za minara zilikuwa adimu. Ilipozinduliwa, simu hizo zilikuwa zimeshuka bei na kufika karibu kila mji ambako wateja wake wangesafiri. Dari ya Iridium ilishuka kabla haijaanza kuuza.

KUPIMA KIASI CHA KUTOJUA

Ikiwa dari haijulikani, mkadiriaji mwaminifu afanye nini? Asitoe namba moja. Atoe namba kadhaa, kila moja na uzito wake, kisha azirekebishe habari zinapowasili. Njia hii inaitwa kwa jina la Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka wa 1763, miaka miwili baada ya kifo chake.

Turudi mwanzoni mwa 2004. Badala ya kuiamini milioni 1.7 peke yake, mwanauchumi wetu angeweza kuandika hivi: dari ya milioni 2, uwezekano 50 kwa 100, dari ya milioni 8, 30 kwa 100, dari ya milioni 25 au zaidi, 20 kwa 100. Hiyo dari ya tatu angeipata wapi? Kwa kulinganisha. Afrika Kusini wakati huo ilikuwa na laini takriban milioni 17. Ni nchi tajiri kuliko Kenya, lakini ilionyesha kinachowezekana barani Afrika. Wakadiriaji hupenda kuazima takwimu za jirani pale wanapokosa zao, na hilo si aibu alimradi tofauti za majirani zitajwe.

Mwishoni mwa 2004 ikaja habari: laini ni milioni 2.5. Dari ya kwanza imevunjika, uwezekano wake ni sufuri. Yamebaki mawili, 30 na 20. Tukichukulia kwamba yote mawili yangeweza kuizaa takwimu hiyo kwa urahisi sawa, tukiyageuza kuwa sehemu za 100, yanakuwa 60 na 40. Mwishoni mwa 2007 ikaja habari ya milioni 11.3. Dari ya pili nayo imevunjika. Bila kuwa mtabiri, na kwa habari mbili tu, mwanauchumi huyu amefika mahali panapofaa.

Lakini angalia jambo moja. Kama mwanzoni angeupa uwezekano wa tatu sufuri badala ya 20, hakuna takwimu ambayo ingeufufua, maana sufuri ukiizidisha kwa chochote inabaki sufuri. Katika uhaba wa habari, kosa baya zaidi ni kulifuta kabisa jambo lisilopendeza au lisilozoeleka. Kulipa uzito mdogo kunatosha kuuacha mlango wazi.

KUNUNUA HABARI KWA BEI NAFUU

Kuna njia nyingine ya kupambana na uhaba: kutoka nje na kuitafuta habari kabla ya kumwaga mtaji. Wakenya wanao mfano bora wa jambo hili mifukoni mwao.

Mnamo Oktoba 2005, kampuni za Vodafone na Safaricom zilianza jaribio dogo mjini Nairobi na Thika, likiwa na wateja wasiozidi mamia machache. Serikali ya Uingereza kupitia idara yake ya misaada ya maendeleo ilikuwa imechangia karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikatoa sehemu yake. Wazo lilikuwa kuwasaidia wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu.

Wateja walifanya mambo ambayo hayakuwa katika mpango. Walitumiana pesa wao kwa wao. Wengine waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasibebe noti njiani. Hakuna modeli iliyokuwa na nafasi ya tabia hizo, kwa sababu hakuna aliyezijua. Huduma ilipozinduliwa kwa umma mnamo Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka kuisha ilikuwa na wateja zaidi ya milioni moja.

Kwa lugha ya uchumi, jaribio lile lilikuwa ununuzi wa habari. Gharama yake ilikuwa ndogo ikilinganishwa na hasara ambayo ingepatikana kwa kujenga mfumo wa nchi nzima kwa ajili ya kurejesha mikopo. Isitoshe, M-Pesa iliweza kukua hatua kwa hatua: wakala mmoja, kisha wa pili. Iridium haikuwa na nafasi hiyo. Mtandao wake wa setilaiti ulihitaji kukamilika angani kabla huduma haijauzwa, kwa hivyo ililipa gharama yote kabla ya kupata habari yoyote.

Hivyo basi, miradi miwili yenye makadirio yanayolingana inaweza kuwa na thamani tofauti kabisa. Ule unaoruhusu kusimama katikati, kutazama na kugeuza mkondo, una thamani zaidi, na tofauti hiyo huongezeka kadiri habari zinavyokuwa chache.

NANI HULIPIA KOSA

Huenda msomaji akasema kuwa haya ni ya wenye makampuni. La hasha. Makadirio ya namna hii hufanywa pia na serikali, na makosa yake huja nyumbani ndani ya bili.

Mwaka wa 2013 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuongeza zaidi ya megawati 5,000 za umeme kwa miezi 40. Wakati huo kilele cha matumizi ya nchi nzima hakikuwa kimefika megawati 1,500. Makadirio ya mahitaji yalitegemea miradi ambayo haikuwa imejengwa, ukiwemo mji wa teknolojia wa Konza. Sehemu kubwa ya mpango haikutimia, na hata mwaka wa 2024 kilele cha matumizi kilikuwa chini ya megawati 2,400. Lakini mikataba ya umeme mara nyingi humlipa mzalishaji kwa kuwa tayari kuzalisha, hata umeme wake usiponunuliwa. Gharama hiyo hubebwa na mtumiaji.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka wa 2021 jopo lililoteuliwa na rais lilipendekeza mazungumzo ya mikataba mipya yasitishwe. Miaka michache baadaye, kilio kikawa ni uhaba wa umeme saa za jioni. Nchi moja imeonja makosa yote mawili, la AT&T na la Iridium, katika muda wa miaka kumi na michache.

Na swali hilo sasa limerudi kwa nguvu mpya. Mnamo Mei 2024, Microsoft na kampuni ya G42 ya Milki za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni moja wa kujenga kituo cha data huko Olkaria, Naivasha, kitakachotumia umeme wa mvuke wa ardhini, kwanza megawati 100, na baadaye hata megawati 1,000. Akili ya kompyuta itahitaji umeme kiasi gani nchini Kenya miaka kumi ijayo? Takwimu za nyuma hazipo. Ni tatizo lile lile la mwaka wa 1980.

Kwa hivyo, mwananchi, mbunge au mwekezaji mdogo anaposomewa makadirio ya mradi wa teknolojia, kuna maswali machache anayopaswa kuuliza. Kinachohesabiwa ni nini: watu, laini, au matangazo? Dari imewekwa wapi, na ni nani aliyeiweka? Bei ikishuka nusu, au ya mshindani ikishuka, namba zitabadilika vipi? Je, limetolewa kadirio moja au kadhaa, na lililo baya zaidi linasema nini? Kuna hatua ndogo inayoweza kujaribiwa kwanza? Na mwisho, makadirio yakienda kombo, ni nani atakayelipa?

Maswali hayo hayahitaji shahada ya hisabati. Mtaalamu aliyeifanya kazi yake vyema atakuwa na majibu tayari, kwa kuwa modeli yake ilimlazimu kuyatafuta. Asiye nayo atakupa namba moja, nzuri, yenye tarakimu nyingi baada ya nukta, na kukuomba uiamini.